Godoro la Mji Nisioujua

Machi 4

Mpwa wangu Siafu,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana najua kutwa nzima unasimama nyuma ya meza ya duka la dawa. Mimi mzima. Kikohozi kimeniaga, goti limebaki kunitunzia kumbukumbu. Maktaba bado wananiita siku tatu kwa juma, ingawa nimestaafu. Vijana wanajua kubonyeza mashine, lakini kitabu kilichoachana na mgongo wake wanakikimbia kama mwenye ndui. Wananiita Babu Gundi. Siwalaumu, nanukia hivyo.

Dada yangu hajambo? Mwambie bado namwonea haya kwa ile barua ya mwaka jana aliyosema ni fupi kama risiti.

Sasa nikupe habari. Nimeona nyumba. Vyumba viwili vya chini, mtaa wa pili kutoka ninapokaa, mlango wa nyuma unafungukia ua mdogo wa mawe. Hakuna ngazi hata moja. Kwangu unakujua kwa kusimuliwa: ghorofa ya tatu, na lifti ilikufa kabla sijahamia. Kila nikimwambia dada aje tukae wote, hunijibu, "Nije nikae juu kama njiwa?" Sasa hana pa kukimbilia.

Mwenye nyumba ni mama mjane aliyekuwa akishona mapazia. Katika chumba cha nyuma ameacha pazia moja jepesi, la rangi ya chai ya maziwa. Nilisimama pale adhuhuri, upepo ukalijaza pazia taratibu kama mtu anayevuta pumzi usingizini, na dada yangu alikuwa ameketi chini yake, miguu ameinyoosha, anachagua punje za mchele kwenye ungo na kuninung'unikia. Nilimwona wazi kabisa. Nilipogeuka, dalali alikuwa ananiuliza kama namsikia.

Alikuwa anasema kimebaki kitu kimoja: taarifa yangu ya mikopo, ile inayoonyesha mtu amekopaje na amelipaje. "Ikiwa safi, mzee, funguo zako." Ni safi. Nina kadi moja ya mkopo, nimekaa nayo miaka ishirini na sita, sijachelewa kulipa hata mara moja.

Basi ni hayo. Benki wamenibadilishia kadi, namba mpya. Mambo madogo.

Mjomba wako

*

Machi 23

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika imepinda kona, lakini maneno yote yamo. Mimi mzima, ila miguu inanikumbusha kila jioni kwamba ni ya kwangu. Mama nilimsomea mara mbili. Mara ya pili alijifanya hakuisikia ya kwanza. Kisha akauliza, "Huo ua una kivuli? Na huyo mjane wa mapazia ana umri gani?" Nikamwambia hujaandika. Akasema, "Ndiyo maana nauliza. Mwambie kaka yangu siji kuwa mpambe."

Mama yuko vizuri. Siku hizi anapumzika zaidi.

Lile pazia amelipenda. Hakusema, lakini kesho yake aliniuliza chai ya maziwa mengi au machache.

Mjomba, kadi imebadilishwa kwa nini? Benki haziamki tu asubuhi zikaanza kugawa namba. Wewe ukisema "mambo madogo", mimi hutafuta kiti. Na tafadhali jibu upesi, au ukubali nikupigie simu. Najua unasema simu inakukatia maneno katikati, lakini angalau nusu ningeipata.

Wako mtiifu (kidogo),
Siafu

*

Aprili 30

Mpwa wangu,

Usinikasirikie kwa kimya. Maktaba wameletewa kitabu kilicholowa maji ya bomba, nami nimekuwa nikikikausha ukurasa kwa ukurasa, karatasi ya kunyonya juu, karatasi ya kunyonya chini. Kazi hiyo humhamisha mtu. Mikono iko mezani, mwenyewe hajulikani alipo. Juzi nilirudi nyumbani nikakuta nimevaa aproni njia nzima. Mmejiokoa na aibu kubwa kwa kukaa mbali.

Dada anapumzika kutoka kazi gani? Tangu lini anapumzika?

Umeuliza kuhusu kadi. Sikutaka kukujibu, lakini siafu hang'oki kwa kutikiswa mguu. Nalijua hilo tangu ulipokuwa mdogo ukaning'ang'ania shavu la mguu siku ninaondoka kwenu, mpaka mama yako akakubandua.

Kuna mtu aliipata namba ya kadi yangu, sijui vipi. Akanunua godoro la watu wawili, matairi manne na manukato, katika mji ninaoujua kwa ramani tu. Benki wakashtuka wenyewe, wakaifunga namba ile, wakaniletea kadi mpya kwa posta. Kisha wakaniita. Binti wa dirishani akanisomea: godoro, matairi, manukato. "Haya umenunua wewe, mzee?"

Nikamwambia, "Nimetoa."

Bibi yako alitulea hivyo. Neno "nimeibiwa" halikuruhusiwa kutoka mdomoni mwetu. Kuku akipotea, tumetoa. Shuka likinyakuliwa kwenye kamba, tumetoa. Alikuwa akisema, "Aliyeibiwa hulala na mwizi kichwani. Aliyetoa hulala peke yake." Basi nami nilitoa. Binti akaandika, akatabasamu. Nadhani alidhani nina mjukuu anaoa.

Nikwambie ukweli, nimelizoea lile godoro. Nikisinzia kwenye kiti naliona. Liko katika chumba chenye dirisha refu, watu wawili wamelala juu yake, matairi yameegemezwa ukutani kama wageni waliokosa viti, na chumba kizima kinanukia. Wananifungulia jicho moja bila hofu. Nawaambia, laleni.

Dalali bado hajaniita. Lakini nimeletewa nakala ya taarifa yangu, na ina maajabu. Palipokuwa na kadi moja, pana mbili. Ya kwanza wameandika imepotea au imeibiwa. Ya pili wanasema ilifunguliwa Februari mwaka huu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa karatasi, mimi huku ni mtoto mchanga. Miaka ishirini na sita imevuka kama mtu anayeshuka kwenye basi bila kuaga. Nilicheka. Halafu sikucheka.

Mjomba wako

*

Mei 9

Shikamoo Mjomba,

Leo salamu nitaziweka mwishoni. Mama ameshanikemea kwa hilo, kwa hiyo wewe usirudie.

Kuna mteja wetu anafanya kazi ya mikopo katika benki moja hapa. Hufuata dawa yake ya presha kila mwezi. Safari hii nilimkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, nikaishika dawa mkononi, nikamuuliza yote.

Anasema kubadilishiwa kadi kwa sababu ya wizi hakuharibu jina la mtu. Akaunti ni ile ile. Nilimweleza kazi yako, akafurahi, akasema ni kama wewe unapovua jalada lililooza na kuvisha jipya. Kitabu hakizaliwi upya. Kwa muda namba mbili zinaweza kuonekana kwenye taarifa, lakini ile mpya inatakiwa ibebe tarehe ya zamani. Kwako wamekosea. Unawaandikia benki na ile ofisi inayotoa taarifa, wanasahihisha. Mpaka hapo nikapumua.

Halafu akauliza, "Na yale manunuzi ya mwizi, mjomba wako si aliyakataa?"

Nikamsimulia. "Alisema ametoa?"

"Ndiyo."

"Dada, hapo ndipo penye jipu."

Ukisema umetoa, Mjomba, benki inajua ni manunuzi yako. Kadi imejaa karibu na ukomo, na mtu anayesoma taarifa anaona mzee aliyepatwa na pupa ghafla. Na je, umelipa? Nakujua. Umelipia ulichonunua wewe tu, deni la mwizi umeliacha kwa sababu umeshalitoa sadaka. Basi benki inahesabu umelipa pungufu, na mwezi ukipita wanaandika umechelewa. Hilo ndilo linaloharibu jina. Si kadi mpya. Angalia na umeme pia. Kama ulikuwa unakatwa kupitia namba ya zamani, sasa haukatwi, na hao nao hawajui kusamehe.

Nenda useme umeibiwa. Ni neno moja.

Sasa na mimi nitoe langu, maana nimekuwa nikikuficha kama wewe ulivyonificha. Mama hapumziki. Alianguka Februari kwenye ngazi zetu. Nyonga. Tunakaa ghorofa ya pili, na tangu siku hiyo hajagusa ardhi. Anakaa dirishani anatazama utosi wa watu. Amewapa wote majina kwa nywele zao. Alinikataza nisikwambie. "Atauza vitabu vyake," alisema. Nimetafuta nyumba ya chini hapa mpaka nimechoka, kila iliyopo imenipita bei.

Kwa hiyo vyumba vile si vya kukupatia mtu wa kunywa naye chai. Ni vya Mama kutoka nje.

Salamu nyingi. Ndizo hizi zilizobaki.

Siafu

*

Juni 27

Mpwa wangu,

Mpe dada pole yangu, na umwambie vitabu vyangu hakuna anayevitaka, kwa hiyo asiwe na wasiwasi.

Sikukujibu upesi kwa sababu nilitaka nikujibu nikiwa nimeshamaliza. Sijamaliza.

Kwanza dalali aliniita. Ni mtu wa maneno mafupi. "Mzee," akasema, "karatasi yako inasema umefika juzi, na umefika na njaa." Mjane wa mapazia amekubali kusubiri kidogo. Hakusema kidogo chake kina urefu gani.

Umeme nimelipa, walikuwa wameshaandika barua ya wino mwekundu. Ulisema kweli.

Kisha nikaenda benki. Safari hii walinipeleka kwa meneja, mama mmoja mwenye miwani kwenye kamba. Alisoma kwenye kompyuta yake, akanigeukia.

"Mzee wangu, ulitoa au uliibiwa? Sikushtaki. Nataka kujua niandike nini."

Nikasema, "Yule binti aliandika nini?"

"Kwamba umetoa. Nikibadilisha, wakubwa wangu wataniuliza. Itabidi uandike kwa mkono wako kwa nini mwanzo ulisema hivyo."

Akanipa karatasi. Nilikaa nayo kwenye kiti cha pembeni. Watu waliingia na kutoka, mlango wa kioo ulikuwa unarusha mwanga sakafuni kila unapofunguka, kama mtu anayemwaga ndoo ya maji meupe, na kila mara maji yalifika viatuni mwangu yakarudi. Sikuandika chochote. Nilirudisha karatasi, nikasema nitarudi. Akasema, "Usikawie, mzee. Mambo haya yana muda wake."

Nikwambie nilichokiona pale kwenye kiti.

Nilikuwa na miaka sita, dada kumi na mmoja. Wanaume watatu mlangoni, mmoja ana bunduki. Bibi yako alifungua fundo la nguo yake, akatoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha yule wa mbele kama anayelipa nauli. Akasema, "Nimewapa." Tukatoka. Sikugeuka nyuma, kwa sababu nani anageukia kitu alichogawa? Kwa neno hilo nimeishi. Kila nchi niliyopita, wema wa watu ulinikuta na neno "pole kwa yaliyokupata", nami nikawajibu hakuna kilichonipata, sisi tulitoa. Walidhani sijui lugha yao.

Sasa niandike kwamba nimeibiwa godoro ambalo sijawahi kulilalia? Na nyumba ile, bustani yake, kitanda changu kidogo, nitaviitaje baada ya hapo?

Unasema ni neno moja. Ni moja, lakini mimi nimejengwa juu yake.

Muulize dada. Yeye ndiye mkubwa, na yeye ndiye hajagusa ardhi. Akisema niandike, nitaandika.

Mjomba wako

*

Julai 11

Shikamoo Mjomba. Mama anasema, mimi naandika. Amenikataza kupunguza hata nukta.

"Kaka. Umezeeka na bado unaomba ruhusa. Vizuri.

Mama hakuitoa ile nyumba. Wewe ulikuwa umekumbatia mwimo wa mlango, unalia, hutaki kutoka. Mimi nakuvuta shati. Wale watu walikuwa wameanza kukasirika, mwenye bunduki akaishusha begani. Ndipo Mama akasema 'nimewapa', kwa sauti kubwa, akikutazama wewe, si wao. Ukauliza, 'Tumewapa?' Akasema, 'Tumewapa.' Ukaachia. Ukafuta kamasi, ukatembea mbele yetu kama bwana mkubwa aliyetoka kugawa mali. Kilio umekisahau, zawadi umebaki nayo.

Na lile sharti la kuku na shuka lilianza baada ya pale. Kabla ya pale Mama akiibiwa kijiko mtaa mzima ulikuwa unajua.

Jioni ulipolala mgongoni kwake aliniambia: 'Tumeibiwa, mwanangu. Usimwambie mdogo wako, hatatembea.' Nikamwahidi. Nimekaa na ahadi hiyo mpaka meno yameniishia. Sasa umeshatembea vya kutosha.

Kaandike. Na uandike kwa mwandiko unaosomeka. Wewe ukikasirika herufi zako hulala chali.

Kuhusu nyonga yangu, usinililie. Nililia mwenyewe ikatosha."

Mwisho wa maneno ya Mama. Aliomba maji, akanywa, akageukia dirishani. Mimi sikuwahi kuisikia habari hii, Mjomba. Nilifunga kalamu, nikakaa naye tukitazama vichwa vya watu, mpaka akanionyesha mmoja akasema, "Huyo simpendi, anachana upande mmoja tu."

Siafu

*

Septemba 30

Mpwa wangu, na dada yangu utakayesomewa,

Nawasalimu nikiwa mzima wa mwili. Mvua imeanza, maktaba wamepata mjalidi mpya wa vitabu, kijana mwenye mikono mitulivu, na nimemwachia sindano yangu ya mfupa. Kitabu kilicholowa kimekauka. Kimevimba kidogo, hakitafunga sawasawa tena, lakini kinasomeka mwanzo hadi mwisho.

Barua ya Julai niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikalala siku mbili. Si ugonjwa. Nilikuwa namtafuta mtoto yule mlangoni. Mara ya kwanza sikumpata. Siku ya pili alikuja, na mwimo ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, iliyobanduka mahali pa bawaba. Dada, ni kijani? Nijibu. Nataka kujua kama nimeota.

Nikaenda benki. Meneja akanipa karatasi ileile, nafasi ya mistari mitano. Niliandika kwamba godoro, matairi na manukato nimeibiwa. Nikaandika kwa nini nilisema nimetoa. Mistari mitano ikaisha tukiwa bado ndani ya nyumba, mama anafungua fundo. Nikaomba karatasi ya pili.

Alizisoma zote mbili pale pale, miwani imeshuka puani. Alipomaliza alizipanga zikae sawa.

"Mzee wangu," akasema, "hii ya nyumba siwezi kuishughulikia."

"Najua," nikamwambia. "Ishughulikie ya godoro."

Ameishughulikia. Ilichukua majuma, na barua mbili, moja kwao na moja kwa ofisi ya taarifa, kama mteja wako wa presha alivyosema. Mpe shukrani zangu na dawa yake kwa wakati. Manunuzi ya mwizi yameondolewa. Alama ya kuchelewa imefutwa. Kadi iliyobaki kwenye taarifa ni moja, yenye namba mpya na tarehe ya zamani, mwaka ule nilipofika huku na sanduku la kamba. Ile nyingine wameandika imefungwa, akaunti imehamia namba nyingine. Niliusoma mstari huo mara nyingi kuliko inavyostahili mstari wa benki.

Lile godoro silioni tena nikisinzia. Nimejaribu.

Sasa habari mbaya. Mjane alichoka kusubiri. Vyumba vya ua vimepata watu mwezi wa nane, na pazia limeondolewa. Nilipita kuangalia, wameweka la maua makubwa. Si pazia langu.

Lakini dalali safari hii alinitafuta mwenyewe. Kuna chumba kikubwa na kidogo, nyuma ya fundi viatu. Dirisha linatazama ukuta uliopakwa chokaa, kwa hiyo mwanga hauingii wenyewe, unatumwa. Hakuna ua, kuna njia pana ya saruji ambapo watu wa nyumba tano huanika nguo na kugombana. Hakuna ngazi. Kulikuwa na kizingiti, seremala amekikata jana, nimeburuta kiti cha magurudumu cha kuazima ndani na nje mpaka fundi viatu akaniuliza kama nafanya mazoezi. Nikamwambia ndiyo.

Siafu, mlete mwezi wa kumi na moja kabla baridi haijashika. Nauli mtaikuta posta.

Jana tulitia saini. Dalali aliandika, mimi nikijibu. Kazi yangu, umri, anwani ya zamani. Akauliza, "Mtakaa wangapi?" Katika nyumba zote nilizopanga tangu ujana nimejibu swali hilo kabla halijaisha. Jana nilichelewa.

"Wawili," nikasema.

"Wewe na mkeo?"

"Mimi na dada yangu. Mkubwa wangu."

Dalali alikuwa ameshaandika jina langu kwenye mstari wa juu. Akalitazama, akalikata kwa kalamu ya wino, akaanza upya: dada juu, mimi chini yake.

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema, akanigeuzia karatasi nihakikishe.

Mjomba wako, na mdogo wako